Visubi kwenye maua ya ndani, na kijiti cha mishikaki

Cha kwanza nilikiona kwenye kikombe cha chai cha mama. Ilikuwa wiki ya pili ya Aprili, masika imekolea hapa Arusha, mvua inanyesha tangu usiku, mama kakaa kwenye kiti chake pale dirishani kajifunga kitenge na sweta juu, mi napita kwenda jikoni akaniita, we mwanangu hebu nitolee hiki kidudu. Nikakitoa na kijiko, kidogo, cheusi, kina miguu mirefu kama mbu aliyesinyaa, nikamwaga ile chai nikamletea nyingine na wala sikuwaza kitu. Kesho yake viwili. Wiki haijaisha ukiwasha taa jioni au ukifungua laptop vinakuja usoni, vinatembea kwenye skrini, vinaingia puani, na mama akawa anafunika kikombe kwa kisosi kila akishakunywa funda moja.

Naandika hii yote kwa urefu kwa sababu kila niliyemuuliza kipindi kile alinijibu neno moja tu, piga dawa. Na mi nikapiga dawa. Ndo maana nataka nieleze vizuri kilichotokea, maana kuna watu wana rafu nzuri za sakulenti, ile mimea ya majani manene yaliyojaa maji, na najua masika ikifika watapitia haya haya.

Mwanzoni nilijua ni ndizi. Nyumba ya Mchaga haikosi ndizi, na jikoni kwangu palikuwa na mkungu kutoka Marangu umeanza kuiva wote kwa mpigo, basi nikautoa nje barazani, nikaweka glasi ya siki na sukari na tone la sabuni pale ulipokuwa. Nikanasa inzi wa matunda wachache, vile vijidudu vyangu viko pale pale sebuleni. Ilibidi nikae niviangalie kwa makini. Inzi wa matunda ana rangi ya kahawia, kanenepa, macho mekundu, na akiruka anajua anakoenda. Hivi vyangu ni vyeusi, vyembamba, vina milimita 2 au 3 hivi, vinaruka kwa kuyumba yumba kama vimechoka, na vikitua vinapenda kukimbia kimbia juu ya kitu kuliko kuruka tena.

Aliyegundua ni binti yangu wa miaka 6. Alikuwa anacheza chini ya rafu ya maua, akagonga chungu kwa bahati mbaya, akasema mama njoo, vinatoka kwenye udongo. Nikaenda nikagonga kingine. Kikaruka kiwingu. Nikagonga cha tatu, kiwingu kingine. Rafu ina vyungu 31 na sidhani kama kulikuwa na hata vitano visafi.

Jina lake nitasema visubi, maana sina neno bora, ila niweke wazi kwamba sio ule usubi. Ukimwambia mtu wa Mahenge una usubi ndani ya nyumba atashtuka, maana kule usubi ni inzi wa mtoni anayeng'ata, na ndo jina la ule ugonjwa wa upofu anaoueneza. Hivi vya kwenye vyungu having'ati, havina ugonjwa wa binadamu, maisha yake yote ni udongo mbichi. Mama alikuwa na wasiwasi na hilo kuliko lolote, alikuwa ametoka kufanyiwa upasuaji wa goti na kidonda bado kibichi, kwa hiyo nilivyojua having'ati nilimwambia kabla hata sijavua viatu.

Sasa nieleze kidogo hii mimea ni nini kwangu. Nina ekeveria saba, zile kama waridi la jiwe, asili yake Meksiko. Nina hawothia nne, zile ndogo za majani manene yenye ncha, na mti wa pesa mkubwa ambao una miaka tisa sasa, hizo asili yake kusini mwa Afrika. Mshubiri upo, ZZ ipo, ule mmea wa majani ya kijani yanayong'aa, ambayo watu wanadhani imetoka Ulaya kumbe asili yake ni huku kwetu Afrika Mashariki. Halafu nina sansevieria, zile za majani marefu yamesimama kama panga. Sansevieria kwangu ni kama ndugu wa ile isale ya nyumbani, ile tunayopanda mipakani na ambayo mtu akikukosea akija na jani lake kuomba msamaha huwezi kumkatalia, na si hisia tu, wataalamu wa mimea walishaziweka kwenye jenasi moja, Dracaena. Na ukitoka hapa Arusha ukielekea Serengeti utakuta sansevieria ya porini imeota juani kabisa, kwenye vumbi, na lile bonde la Oldupai limechukua jina lake kutoka kwa Wamaasai, oldupai ndo hiyo mimea yenyewe, mkonge pori. Yaani mmea unaoishi pale, kwenye ukame ule, mi nilikuwa nimeuweka sebuleni na umejaa mabuu kwa sababu ya maji mengi. Hilo liliniuma.

Kwa sababu visubi havitokei hivi hivi. Nikaanza kufuatilia nani anamwagilia nini, na jibu likaja lenyewe. Mi namwagilia Jumamosi, kama nilivyozoea wakati wa kiangazi. Dada anayetusaidia kazi alikuwa anamwagilia Jumatano, nilimwelekeza mwenyewe mwaka jana nilivyosafiri na hakuna aliyemwambia aache. Na mama, ambaye alikuja mwisho wa Machi na hawezi kutembea mbali, kila asubuhi na kila jioni akimaliza chai anasuuza kikombe na kumwagia maji yale kwenye chungu kilicho karibu. Chai ya maziwa. Kwa upendo kabisa, maana kwake mmea ambao haujapewa kitu ni kama mgeni ambaye hajapewa kitu.

Na hapo hapo mi nilikuwa nimenunua udongo mpya Februari. Muuzaji mmoja wa maua barabarani aliniuzia viroba viwili, akaniambia ni udongo wa kisasa wa sakulenti, ulikuwa mweusi mzuri unanukia msitu, na kwa kweli ulikuwa samadi ambayo haijaoza vizuri na majani na vipande vya magome. Nikapandikiza vyungu karibu vyote. Samadi mbichi, mvua ya wiki tatu, jua hakuna, maji mara tatu, maziwa. Ukitaka kufuga visubi huhitaji kingine.

Ngoja nieleze maisha yake maana ukishayaelewa utajua kwa nini dawa ya kopo haisaidii. Kile kinachoruka ni mzazi, na anaishi kama wiki moja tu. Katika hiyo wiki jike anaweza kutaga mpaka mayai 200, anatafuta udongo wenye unyevu na vitu vinavyooza, anayaweka kwenye mipasuko ya juu. Yai linaanguliwa ndani ya siku chache, linatoka buu, jeupe la kupenyeza mwanga, kichwa cheusi kinang'aa, likikua linafika kama nusu sentimita. Buu linakaa wiki mbili hivi kwenye zile sentimita tano za juu za udongo linakula ukungu, mwani, majani yaliyooza, na chakula kikiisha au likikutana na mizizi laini linakula mizizi. Halafu linajifunga siku chache kwenye udongo kama pupa, linatoka likiwa linaruka. Jumla ni wiki tatu mpaka nne kukiwa na joto, kukiwa na baridi inachukua zaidi. Kwa hiyo wakati wewe unakimbizana na vinavyoruka, wengi wako chini hawajui hata kama unapiga dawa. Unaua mia leo, wiki ijayo wametoka mia wengine, unadhani dawa feki.

Mi nilimaliza makopo mawili ya dawa ya mbu. Sebule inanuka, mama anakohoa, mtoto anatolewa nje kwenye mvua. Najuta mpaka leo kwa hilo, kumpulizia dawa mama mgonjwa kwa sababu ya wadudu ambao hawakuwa hata wanamdhuru.

Halafu vifo vikaanza. Mmea mkubwa unavumilia, ule mti wa pesa hata haukuonyesha dalili, ila nilikuwa na trei ya majani ya ekeveria niliyokuwa naotesha, unajua unachuma jani unaliweka juu ya udongo linatoa mizizi ya pinki myembamba kama uzi halafu kitoto kinachipua, nilikuwa na vitoto 20 na zaidi. Ndani ya wiki mbili vyote vikanywea. Nilivyonyanyua kimoja hakikuwa na mzizi hata mmoja. Kisha hawothia moja ikalegea, nikaigusa ikatoka mkononi, chini imeoza yote. Buu linakula mzizi, pale alipouma ukungu na bakteria wa kuozesha wanapata mlango, na kwa mmea ambao mwili wake wote ni maji kuoza kunaenda haraka sana, jana mzima leo uji.

Hiyo hawothia alinipa rafiki yangu ambaye sasa hayupo tena duniani. Sitasema zaidi, ila ndo siku niliyoacha kupulizia nikakaa chini kufanya mambo kwa utaratibu.

Cha kwanza nilichofanya ni kujua chungu kipi kina mabuu na kipi hakina, na kwa hili hakuna kipimo kinachoshinda kiazi mbatata. Unamenya, unakata vipande vinene kama kidole, unavilaza juu ya udongo unavibonyeza kidogo, unaacha siku mbili tatu. Mabuu yanapanda kula. Ukigeuza kipande unayaona, na ukishaona vipande unavitupa na mabuu yake, sio kwenye ndoo ya jikoni, unamwaga maji ya moto kwanza. Kati ya vyungu 31 nilikuta mabuu kwenye 22. Nikavifunga kamba nyekundu nikavitenga kwenye chumba cha nyuma, na mama akaanza kunywa chai bila kisosi kwa mara ya kwanza baada ya wiki kadhaa. Hata kama huna dawa yoyote nyumbani, kutenga peke yake kunasaidia sana.

Cha pili mitego. Zile kadi za njano zenye gundi wanazotumia kwenye mashamba ya maua ya greenihausi zinapatikana kwenye maduka ya pembejeo, ila siku hiyo sikuzipata, nikachukua dumu la njano la mafuta ya kula, nikalikata vipande kama vya kiganja, nikavipaka mafuta ya mgando, nikavilaza karibu na udongo. Kulaza ni bora kuliko kuning'iniza, maana hivi vitu haviruki juu sana. Rangi ya njano inaviita. Baada ya siku mbili vipande vilikuwa vyeusi, binti yangu akawa anahesabu, alikuwa anaandika kwenye daftari lake la shule kila asubuhi, 41, 38, 40, 27. Mtego haumalizi tatizo, lakini unakupa hesabu, na hesabu inakwambia kama hicho kingine unachofanya kinafanya kazi.

Sasa dawa za udongo. Nilijaribu nyingi, nitasema nilichoona.

Mdalasini wa unga, wanasema unaua ukungu hivyo mabuu yanakosa chakula. Nilinyunyiza kwenye vyungu vinne, ukanukia vizuri, hesabu haikubadilika. Masalia ya kahawa ndo usithubutu kabisa, dada alishauri tuweke maana kwao wanaweka kwenye mboga, kwa mboga za nje sawa ila ndani yanashika unyevu yanaota ukungu mweupe na visubi vinashangilia. Mwarobaini mama aliusisitiza sana, na shangazi akatuletea majani kutoka Moshi, tukaloweka usiku kucha tukamwagia. Ilipunguza kidogo sana. Baadae nikaelewa kwamba ile kemikali yenyewe inayozuia wadudu wasijivue na kukua iko zaidi kwenye mbegu kuliko majani, kwa hiyo mwenye mbegu azitwange, na kwa sakulenti bado unarudi pale pale, unaongeza maji kwenye udongo ambao tatizo lake ni maji.

Haidrojeni peroksaidi, ile ya famasi ya kusafishia vidonda, hii inaua kweli. Angalia chupa imeandikwa ngapi. Ya asilimia 3 unachanganya kipimo kimoja na maji vipimo vinne, ya asilimia 6 kipimo kimoja kwa maji tisa. Unamwagia udongo ukiwa umekauka, unasikia unachemka chemka, na mabuu yaliyoguswa yanakufa papo hapo, baada ya muda inabaki maji na oksijeni tu. Shida yake ni hiyo hiyo, inaua ilichogusa kwa muda ule, kesho mayai mengine yanaanguliwa. Niliitumia mara moja kwa vyungu vilivyokuwa vibaya zaidi.

Iliyonisaidia kuliko zote sikuitegemea kabisa. Kuna bakteria anaitwa Bacillus thuringiensis israelensis, kwa kifupi Bti, aligunduliwa 1976 kwenye jangwa la Negev huko Israeli, kwenye kidimbwi kilichokuwa na viluwiluwi vya mbu vimekufa. Anatengeneza kifuwele cha protini, buu likikimeza kinayeyuka tumboni mwake na kutoboa ukuta wa utumbo, linaacha kula, linakufa. Kinachonifurahisha ni kwamba hiyo protini haina shida na mtu, paka, nyuki, wala samaki, inachagua jamii ya mbu na ndugu zake wa karibu, na visubi ni wa ukoo huo. Sasa Tanzania tuna kiwanda cha hii kitu, kiko Kibaha, kilijengwa kwa ushirikiano na Cuba na kuzinduliwa 2015, kinatengeneza viuadudu vya kuua viluwiluwi vya mbu kwa ajili ya kupambana na malaria, na 2017 Rais Magufuli alivyokitembelea aliagiza halmashauri zikanunue. Mi habari ile niliisikia kwenye redio enzi hizo ikapita. Nimekuja kuikumbuka nimeinamia chungu cha hawothia iliyooza.

Binamu yangu anafanya kazi za afya ya mazingira, nikampigia, akanipatia kichupa. Akaniuliza swali zuri, ni ya aina gani unataka, maana ziko mbili, kuna ya Bti na kuna ya bakteria mwingine, Bacillus sphaericus, huyo ni wa mbu na kwa visubi hana kazi. Ukiwa unatafuta soma lebo. Unachanganya na maji, unamwagia pale ambapo chungu kilikuwa kinahitaji maji hata hivyo, na unarudia baada ya wiki moja, mara tatu, kwa sababu haikai muda mrefu kwenye udongo na haigusi mayai wala pupa, inasubiri buu lile. Na usitumie kidogo, visubi vinahitaji dozi kubwa kuliko mbu wa kwenye dimbwi. Daftari la binti yangu likaenda 27, 30, 19, 11, 12, 6. Mwisho wa Mei kulikuwa na siku ya kwanza ya sifuri, akachora nyota.

Lakini nilijua nikirudi kwenye udongo ule ule na maji yale yale wanarudi, na hapo ndo nikawa na kazi ngumu kuliko mabuu, kumwambia mama aache kumwagilia.

Sikuweza. Nilijaribu siku mbili tatu maneno yakanikwama. Mama yangu amelima maisha yake yote, kihamba chake kina kahawa na migomba na magimbi na mifereji, anajua maji kuliko mimi, halafu mi nimwambie maji yako yanaua. Na kwa hali yake ile, amekaa kitini mchana kutwa, goti linauma, hapiki, hafagii, kumwagilia ndo kitu pekee alichokuwa anafanya na akakiona kimefanyika. Nikaenda kwa njia nyingine. Nikampelekea kijiti cha mishikaki na vyungu tisa vilivyobaki safi, nikamwambia mama shikamoo, naomba unisaidie, mi niko kazini siwezi kuviangalia, choma hiki kijiti mpaka chini kabisa, hesabu mpaka mia, chomoa. Kikitoka na udongo umeng'ang'ania au kimelowa rangi, usimpe. Kikitoka kikavu kama kilivyoingia, nyanyua chungu, kikiwa chepesi mkononi ndo anataka maji.

Akanitazama. Akasema marahaba. Akasema, kwa hiyo mlikuwa mnamwagilia bila kugusa udongo? Na akaniuliza kwa nini mimea hii inakunywa kidogo hivyo, nikamweleza kwamba mchana inafunga vitundu vya majani yake ili maji yasitoke, inafungua usiku kukiwa na ubaridi, inavuta hewa inaitunza mpaka asubuhi jua likitoka ndo inaitumia. Na kipindi kama Juni na Julai, Arusha hii mawingu yamelala kutwa na usiku unashuka mpaka nyuzi 12 au 13, inakua polepole sana, wiki tatu au nne inaweza kukaa bila tone. Akasema basi inafunga. Nikasema ndiyo mama, inafunga. Neno lile lilimwingia, akawa anamwambia dada, usimpe huyo, amefunga.

Udongo nao nikabadilisha wote. Hapa Arusha tuna bahati ya mlima Meru, changarawe ya volkano, ile nyepesi yenye vitundu vitundu, inapatikana kwa wanaouza kokoto, nikachukua ndoo nne. Nachanganya ndoo mbili za hiyo changarawe, ndoo moja ya mchanga wa mto wenye chembe kubwa uliochekechwa vumbi likatoka, na ndoo moja ya mboji iliyooza kabisa mpaka hainuki. Mboji hiyo kwanza niliimwagia maji yanayochemka kwenye debe, nikafunika mpaka ikapoa, nikaianika. Kila mmea nikautoa, nikakung'uta udongo wa zamani wote, nikaosha mizizi, nikakata iliyooza kwa kisu nilichokipitisha kwenye moto, nikaiacha kivulini siku nne majeraha yakauke, ndo nikapanda kwenye udongo mkavu, na maji baada ya wiki nzima. Watu wengi wanashindwa hapa, wanapanda na kumwagilia siku hiyo hiyo, jeraha bichi kwenye udongo mbichi linaoza. Udongo wa zamani ulienda kwenye migomba ya jirani, huko visubi vina wenyewe wanaovila.

Juu nikamwaga changarawe sentimita mbili, inakauka haraka na jike hapendi kutaga hapo. Ila usiitegemee peke yake, chungu kina tundu chini pia, na nimeona kwa macho yangu visubi vinaingia kupitia sahani yenye maji yaliyotuama. Sahani nazimwaga baada ya nusu saa.

Tulipoteza mimea sita kwa jumla. Ile hawothia ya rafiki yangu, nilivyokuwa nataka kuitupa, mama alisema ngoja, akaigeuza geuza akakuta kijitoto kimoja kimejibana chini ya jani, kikubwa kama punje ya mahindi, hakina mzizi. Tukakikausha siku tatu juu ya gazeti, tukakiweka juu ya changarawe kavu kwenye kikombe cha plastiki nilichokitoboa, na mama akakiweka dirishani upande wake. Wiki tano hakuna kilichotokea. Ya sita nikakigusa kwa kidole, hakikusogea. Kimeshika.

Mama alirudi Marangu mwishoni mwa Agosti anatembea mwenyewe na fimbo. Kile kikombe nilimpa aondoke nacho, alikishika mapajani njia nzima, na kijiti cha mishikaki kimechomekwa pembeni. Jana usiku alipiga simu, tulisalimiana, akaniuliza mtoto anaendeleaje, akaniuliza mvua, halafu akaniuliza ule mti wa pesa mkubwa nilimpa lini maji. Nikasema Jumapili. Kimya kidogo. Akasema, kijiti kilitoka kikavu?